Nimepaka sabuni, doa la urojo likageuka jekundu: nifanye nini?

*"Assalaam alaykum. Nina mtoto wa kiume wa miaka 7, tupo Wete. Juzi alirudi kutoka skuli na shati lake jeupe limemwagikiwa urojo kifuani. Nikalipaka sabuni ya mche palepale, doa likageuka jekundu kama damu. Nikaogopa, nikalitia shati kwenye beseni, nikamimina nusu chupa ya JIK na maji kidogo, nikaliacha mpaka asubuhi. Doa limetoka, lakini shati zima limeingia umanjano na pale kifuani kitambaa kimelegea kama kinataka kuchanika. Kanzu yake ya chuoni, anakosoma Kurani, nayo ina madoa meusi ya utomvu wa ndizi, na mengine ya hudhurungi ambayo sijui yametoka wapi, nilipoianika hayakuwapo. Suruali zake za kuchezea zote zimeshika udongo mwekundu. Mama mkwe ananiambia nichemshe kila kitu. Jirani anasema nichanganye JIK na ndimu, yeye hufulia hivyo nepi za mjukuu wake. Maji yetu ni ya kisima, sabuni haitoi povu. Nifuate la nani?"*

Waalaykumu ssalaam, mdogo wangu. Nianze na la jirani, maana mengine yote yanaweza kusubiri na hili haliwezi. Usichanganye JIK na ndimu. Wala na siki, wala na dawa ya kusafishia choo. JIK ni klorini iliyofungwa ndani ya maji yenye alkali, na alkali ile ndiyo inayoizuia isitoke. Ndimu ni asidi. Ikiingia, kifungo kinafunguka na klorini inapanda kama hewa, ikukute umeinama juu ya beseni, pengine ndani ya choo kisicho na dirisha, na mtoto yuko mgongoni. Macho yatawaka, utakohoa, kifua kitabana. Jirani atakwambia amefanya mara nyingi na hakudhurika. Huenda ni kweli: alifulia uani, upepo ukamsaidia.

Na hizo nepi ndizo zinazonitia hofu zaidi. Mkojo uliolala hutoa amonia, ile harufu inayochoma pua asubuhi. JIK ikikutana na amonia hutoa hewa nyingine ya sumu, hata bila ya ndimu. Kwa hiyo nepi hukoshwa kwanza kwa maji mengi, zikafuliwa kwa sabuni, zikasuuzwa, na JIK ikihitajika ije baada ya hapo. Ukiwahi kusikia harufu kali inapanda kwenye beseni, toka nje, mtoe na mtoto, acha milango wazi. Usirudi haraka kumwaga beseni. Hapo ndipo watu huvuta hewa nyingi zaidi.

Sasa urojo, ule mchuzi mzito uliotiwa bizari ya manjano. Uliposema doa limegeuka jekundu nilicheka, lakini si kwa kukucheka wewe. Nilipoanza kazi ya kufua, katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, niliachiwa vitambaa vya meza kumi na viwili vilivyotoka kwenye biriani ya harusi. Nikavipaka sabuni ya mche kimoja baada ya kimoja. Vyote vikawa vyekundu mikononi mwangu. Nikavikunja, nikavificha chini ya mashuka machafu, nikakaa nikifikiria nitakatwa mshahara wa miezi mingapi. Mzee mmoja aliyekuwa akipiga pasi akavitoa, akavitazama, akakata ndimu akaikamulia juu ya doa moja. Wekundu ukarudi kuwa manjano mbele ya macho yangu. Hakusema neno, akarudi kwenye pasi yake.

Ukitaka kuona mwenyewe, chukua kitambaa kibovu cheupe, kipake bizari ya manjano iliyochanganywa na tone la mafuta. Pitisha sabuni ya mche iliyolowa: patakuwa pekundu. Kamulia ndimu: patarudi manjano. Paka tena sabuni: pekundu. Rangi ya bizari hiyo ndivyo ilivyo, kwenye asidi huwa ya njano na kwenye alkali huwa nyekundu, na sabuni ya mche ina alkali. Maji ya majivu nayo hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo hukulitia shati doa jipya. Ni lilelile, limebadilisha kanga tu.

Tena wekundu ule ungekufaa. Ni kipimo. Madhali ukipaka sabuni panakuwa pekundu, rangi bado imo ndani ya nyuzi. Siku utakayopaka sabuni pasibadilike kitu, ujue imekwisha. Wengi wanaona umanjano umefifia, wanapiga pasi, halafu wiki ya pili doa linawatazama. Usipige pasi mahali ambapo sabuni bado inapageuza.

La pili la kujua ni kwamba rangi hii haipendani na maji, inapendana na mafuta. Urojo una bhajia, na bhajia zina mafuta yake. Yale mafuta ndiyo yaliyoibeba rangi mpaka ndani ya uzi. Ndiyo maana kulikosha doa la urojo kwa maji matupu ni kazi bure. Siku nyingine, na siku nyingine ipo kwa mtoto wa miaka 7 anayepita mbele ya kibanda cha urojo, fanya hivi. Kwangua uji wake kwa mgongo wa kijiko, kuelekea katikati ya doa, usiutandaze. Tia matone ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya doa likiwa kavu, kabla halijagusa maji, ulisugue taratibu kwa vidole kisha uliache robo saa. Hiyo ni ya mafuta. Ndipo uliloweshe, upake sabuni ya mche, uone wekundu, usuuze. Rudia mara mbili tatu mpaka maji yanayotoka yasiwe na rangi. Kitabaki kivuli cha manjano. Hicho kiachie jua. Anika shati likiwa bichi, doa likiangalia juu, tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Jua huivunja rangi ya manjano kwa wepesi wa ajabu, rangi nyingi za vyakula hazisikii jua namna hiyo. Siku ya pili lilowe tena, lirudishe juani. Siku mbili au tatu zatosha. Kwa nguo ya rangi usizidishe, maana jua halichagui, litachujua na rangi ya nguo.

Ndimu unaweza kuitumia kwenye kivuli hicho cha mwisho, peke yake, bila ya JIK karibu. Ila ukishaikamua kosha mikono kwa sabuni kabla hujatoka juani. Maji ya ndimu yakikaukia kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi huungua, hutoa malengelenge na kuacha mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi. Watoto wanaoachiwa kuchezea maganda ya ndimu uani hupata hivyo, na mama hudhani ni upele.

Turudi kwenye shati lako. Sitakudanganya: pale kifuani palipolegea hapatarudi. JIK nyingi usiku kucha haili doa tu, inakula na pamba. Mashati mengi ya skuli ni mchanganyiko wa pamba na polista. Pamba ikiliwa inabaki ile polista peke yake, nyembamba, ndiyo maana unaona kama utando. Umanjano wa shati zima nao una sababu mbili, na huenda zote zimekukuta. Kiwandani mashati meupe hutiwa dawa inayoyafanya yang'ae juani, na klorini huiua dawa hiyo, basi unaona weupe halisi wa kitambaa, ambao si mweupe sana. Sababu ya pili ni maji. Maji ya kisima yakiwa na chuma ndani yake, klorini hukigeuza chuma kile kuwa kutu laini inayotua kwenye nguo nzima.

Utajua ni ipi kwa kujaribu. Lisuuze shati maji manne mpaka harufu ya JIK iishe kabisa, lianike likauke. Kesho yake kamulia ndimu nne kwenye nusu ndoo ya maji ya uvuguvugu, liroweke saa moja, ulisuuze. Ikiwa ni kutu, umanjano utapungua. Usipopungua, ni ile dawa ya kiwandani iliyokufa, na hapo hakuna ila buluu ya kufulia. Buluu haitoi doa, inadanganya jicho: ubuluu kidogo hufuta umanjano machoni. Ikoroge vizuri ndani ya maji mengi kwanza, ndipo utie nguo, la sivyo utapata mabaka ya buluu na kuniandikia tena.

Usinielewe kwamba JIK ni adui. Naitumia. Lakini naitumia mwisho, kwa nguo nyeupe za pamba tu, kikombe kimoja cha kahawa kwenye ndoo ya maji ya lita 10, dakika 10 mpaka 15, kisha nasuuza sana. Kwa kawa, yale madoadoa meusi ya unyevu yanayoingia kwenye kanzu wakati wa masika, sijaona kitu kinachoishinda. Hariri na sufu haziigusi kabisa, zinageuka manjano na kuoza. Na nunua chupa iliyofungwa. JIK ya kumiminiwa kwenye chupa ya maji au ya soda ni hatari nyumbani mwenye mtoto, tena ikikaa dirishani juani nguvu zinakwisha.

Hilo la sabuni kutotoa povu ndilo lililo chini ya nusu ya malalamiko yako, ingawa umelitaja mwisho. Sehemu kubwa ya visiwa vyetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo ni chokaa. Maji yakipita humo yanabeba chokaa. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa hukatika, badala ya povu unapata ule utando wa kijivu unaoshika ukingoni mwa beseni. Utando huohuo unashika kwenye nguo, unakamata uchafu, na nguo nyeupe inakuwa kama ya mtu asiyefua, na mwenyewe umechubuka vidole kwa kufua. Chukua chupa mbili, moja maji ya kisima, moja maji ya mvua, tia kipande cha sabuni kilicho sawa, tikisa. Utaona tofauti. Kwa maji ya kisima tumia sabuni ya unga kwa kufulia, yenyewe huhimili chokaa, na sabuni ya mche ibakie kwa doa lenyewe. Maji ya mvua yakinge kwa kusuuzia nguo nyeupe. Acha mvua ya mwanzo ioshe bati kwanza. Ile hubeba vumbi na kutu, nawe kutu unayo ya kutosha.

Kanzu. Madoa meusi ya ndizi na yale ya hudhurungi usiyoyajua ni ndugu. Ukikata bilingani ukaliacha, linageuka jeusi. Ukilitia kwenye maji ya ndimu halibadiliki. Utomvu wa ndizi ni hivyohivyo. Unatoka kwenye mgomba kama maji, hauna rangi, unakutana na hewa, unakuwa mweusi na kushikana na uzi. Maji ya bibo nayo ni yaleyale, na ndiyo ninayoyashuku kwenye kanzu yako: mtoto anakula bibo, maji yanachuruzika kifuani, kanzu inakauka bila ya alama. Unaifua kwa sabuni, unaianika, na doa linazaliwa kwenye kamba. Huyo mtoto muulize alipita kwa nani kwenye mikorosho.

Dawa ya haya ni haraka. Likiwa bichi, maji baridi mengi mara moja, kisha ndimu, kwa sababu asidi huzuia kule kugeuka. Sabuni iwe baadaye, kwani alkali yake huliharakisha doa kuiva. Likishakauka, mambo ni magumu. Nenda duka la dawa ununue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda inayochemka ikigusa damu. Jaribu kwanza kwenye upindo wa ndani. Isipoharibu kitu, idondoshee kwenye doa, acha nusu saa, suuza, rudia kesho. Madoa ya bibo hupungua sana. Ya utomvu wa ndizi yaliyolala mwezi mzima, nimeyaona yakifika rangi ya chai ya maziwa na kugoma hapo. Kwa kanzu ya pamba nyeupe unaweza kumalizia na JIK kwa kipimo nilichokupa, siku nyingine, baada ya kusuuza sana. Hizo mbili pia hazichanganywi. Ikiwa kanzu ni ya polista, vumilia kivuli. Kwa utomvu wa embe ulioganda kama gundi kuna wanaotumia mafuta ya taa. Hufanya kazi, lakini harufu haitoki kwa urahisi, na nguo yenye mafuta ya taa haikaribii jiko wala pasi. Mimi hupaka mafuta ya nazi kidogo ulainike, kisha sabuni ya vyombo.

Udongo wenu wa Pemba ni mwekundu kwa sababu ya chuma, na chembe zake ni ndogo mno. Kosa la wengi ni kuisugua suruali ikiwa na tope bichi, yaani kuusukuma udongo ndani ya uzi. Ianike kwanza na tope lake. Likikauka, ikung'ute, ipige na brashi kavu, ndipo uiroweke kwenye sabuni ya unga saa mbili. JIK kwenye udongo mwekundu ni kupoteza pesa, kutu haiogopi klorini. Kwa nguo nyeupe, ndimu na chumvi juani husaidia kidogo kidogo. Kwa suruali za kuchezea, mdogo wangu, mwachie mtoto. Mnunulie za rangi ya udongo.

Mama mkwe wako hakukosea, amekosea mpangilio. Kuchemsha ni kuzuri kwa nguo za pamba zilizokwisha kutolewa doa: nepi, vitambaa, mashuka ya mgonjwa. Ila damu, maziwa, yai, kinyesi cha mtoto mchanga, vyote hivyo vina ute, na unajua ute wa yai unavyofanya kwenye maji ya moto. Unaganda, na safari hii umegandia ndani ya uzi. Maji baridi kwanza, mpaka doa litoke, ndipo sufuria ipandishwe jikoni. Polista usiichemshe, inashika mikunjo ambayo pasi haiitoi. Mweleze hivyo taratibu; mwambie nguo zitachemshwa, lakini Jumamosi.

Kuna mambo hayamalizwi kwa maandishi. Kanzu ya hariri, au kofia ya kiua ya baba yake, mpelekee dobi anayezijua, umwambie doa ni la nini na umeshalitia nini. Ukificha kwamba ulitia JIK utamharibia kazi. Mtoto akitokwa na upele au kuwashwa shingoni na makwapani baada ya kuvaa nguo iliyofuliwa, isuuze tena nguo, na kusipotulia ndani ya siku mbili mwonyeshe daktari. Akinywa JIK au mafuta ya taa, usimtapishe, maana kinachochoma wakati wa kushuka huchoma tena kikipanda, na mafuta ya taa huingia kwenye mapafu. Msukutue mdomo, umkimbize hospitali ya Wete na chupa yenyewe mkononi. Ikimwingia machoni, mmiminie maji safi robo saa nzima hata akilia, kisha nenda naye.

Na jirani yako mwendee leo, kabla hajaziroweka hizo nepi.